SGR Dar–Dodoma: tiketi niliyoanza kuilipia 2015

Mimi nauza vyombo Kariakoo: hotipoti, sufuria, mabeseni, seti za vikombe za kupeleka kwenye kichenpati. Mzigo ukifika bandarini, wakala wangu wa forodha hunitumia karatasi ya makadirio kwa WhatsApp, nami huisoma nikiwa nimekaa, maana ukiisoma umesimama unaweza kudondoka. Ushuru wa forodha. VAT asilimia 18. Na chini huko kuna kimstari kimejibanza ambacho wenzangu wengi hata hawakioni: RDL, tozo ya maendeleo ya reli. Ilianza kukatwa 2015 kwa asilimia 1.5. Treni ya kwanza ya abiria ya SGR, reli mpya ya umeme, kwenda Morogoro imeondoka tarehe 14 Juni 2024. Yaani kabla sijakanyaga behewa nilishakaa miaka tisa nalipa nauli.

Hebu tupige hesabu ya dukani. Mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 20, ukijumlisha bima na meli, kwa kiwango hicho unakatwa laki tatu za reli. Tiketi ya Dar hadi Dodoma, daraja la kawaida kwenye treni ya kawaida, ni 31,000. Laki tatu ni tiketi tisa na chenji ya 21,000 inarudi. Mzigo mmoja tu huo. Mtu wa namna hiyo akipanda treni hapandi kama mgeni mwalikwa. Anapanda kama mama mkwe aliyekuja kukagua jiko.

Na sikupanda peke yangu. Nilikuwa na mjomba wangu, mzee wa miaka 71, mkulima wa korosho na ufuta Nachingwea, aliyekuja kwa ajili ya mahafali ya binti yake wa mwisho Chuo Kikuu cha Dodoma. Alishuka Mbagala Rangi Tatu usiku, na kiroba cha korosho begani na msimamo wake kichwani. Hata chai hajanywa: "Hiyo reli yenu mmejengewa ninyi. Sisi tumelipishwa." Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, hata posa yangu aliijibu yeye, kwa hiyo ubishi wangu naye una mipaka. Nikamwambia, "Shikamoo kwanza, Mjomba. Reli tutaisema kesho ukiwa ndani yake."

Kukata tiketi ndipo tulipopata mkosi, na mkosi wenyewe niliutafuta. Badala ya kukata mwenyewe kwa simu nilimpa kijana mmoja wa uwakala karibu na duka, nikidhani naokoa muda. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Yeye akazipishanisha mbili za mwisho za Mjomba, na juu yake akachukua hela ya usumbufu. Tumeligundua mlangoni. Dada wa pale alilinganisha kitambulisho na tiketi, akainua macho, akalinganisha tena. Mjomba akajinyoosha, akasema kwa sauti ya msikitini, "Mwanangu, mimi ndiye huyo, sijawahi kuwa mtu mwingine." Foleni nzima ikacheka. Tukapelekwa dirishani, ikarekebishwa, tukawahi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kata mwenyewe, soma namba mara mbili, na ufike mapema kama mtu wa uwanja wa ndege, kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine na mlango ukifungwa umefungwa.

Jengo la stesheni sitalisifia sana, picha zake kila mtu kaziona. Nitasema tu kwamba Mjomba alisimama chini ya lile dari, akatazama juu, akatazama sakafu, kisha akavua kandambili moja na kuipangusa kwa suruali. Hakujua kama ninamwona.

Tulipanda ile treni ya kawaida inayovutwa na kichwa, siyo mchongoko, ile ya haraka yenye pua iliyochongoka. Viti vizuri, sehemu ya kuchajia simu ipo, choo kilikuwa safi tulipoondoka na bado kilikuwa safi baada ya Kilosa, nami ni mtu wa kukagua vyoo mara mbili kwa makusudi. Ubaridi ndio uliotushinda. Mzee wa Nachingwea kazoea joto. Tulipofika Soga alikuwa amejifunika kanga yangu mpaka masikioni, baraghashia juu, anafanana na mgonjwa anayesafirishwa. Beba kanga au koti. Na ukitoka Dar kaa upande wa kushoto, uione Milima ya Uluguru mnapoikaribia Morogoro.

Mbio zake ndizo hasa zinazokufanya ukae kimya. Pale kwenye kioo cha behewa namba inapanda, 120, 140, 158, 160, na korosho kwenye kikombe cha plastiki juu ya kimeza hazitikisiki. Mjomba aliziangalia korosho, hakuangalia namba. "Basi nililokuja nalo," akasema, "zingekuwa miguuni mwa dereva."

Hapo ndipo mdahalo ulipoanza, na kwa kweli ndiyo sababu ya kuandika yote haya.

Mbele yetu alikaa kijana wa ofisini, kishikwambi mkononi, anakwenda Dodoma kikazi. Akamwambia Mjomba kwa heshima, "Mzee, reli hii ni fedha zetu za ndani." Mjomba akamuuliza, "Zetu akina nani?" Kijana akacheka. Mjomba hakucheka.

Mimi nikaingilia, maana nusu ya neno la kijana ni kweli. Kipande cha kwanza, Dar–Morogoro, kilianza 2017 kwa fedha za serikali yenyewe. Baadaye, 2020, ukaingia mkopo wa dola bilioni 1.46 ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered. "Na mkopo unalipwa na nani?" akauliza Mjomba. Basi tumerudi palepale.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa ile unayoitegemea. Yeye yuko Nachingwea. Reli inakwenda Morogoro na Dodoma, na inajengwa kuelekea Tabora, Mwanza, Kigoma. Kwao barabara yenyewe ya kwenda Dar, mwaka 2024 kilipopita kimbunga Hidaya, madaraja ya Somanga yalisombwa na watu wakalala njiani siku kadhaa, magunia juu ya malori. Mtu huyo unamwambiaje achangie treni ya umeme? Halafu akaleta la korosho. Hadi 2018 sehemu ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje, asilimia 65, ilikuwa inarudi kwenye zao lenyewe. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, wote ukaingia Mfuko Mkuu wa Serikali. "Mfuko Mkuu ukishaingia hela," alisema, "hujui yako imenunua taruma au chaki. Labda mikorosho yangu imo humu chini tunaikanyaga."

Nikamwambia hata bila korosho amelipa. Simu yake, redio yake, tairi la baiskeli, sufuria nilizompelekea sikukuu ya Idi, vyote vimepita bandarini, vyote vimelipia reli asilimia 1.5 na mimi hiyo asilimia nimeiweka kwenye bei. Akanitazama kama nimemwibia. "Na wewe umo?" Nimo, Mjomba. Wafanyabiashara wote tumo, sisi tunakusanya tu. Anayelipa ni anayenunua.

Nilidhani hiyo itamwongezea hasira, nijiandae. Badala yake akanyamaza mpaka tukaipita Morogoro. Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia bungeni wala redioni.

"Sisi reli tulikuwa nayo."

Wengi hatulijui hili, hata wa kusini wenyewe. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuja na mpango wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakafyeka pori kwa matrekta, na kwa ajili ya karanga za Nachingwea wakajenga reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, ikafunguliwa 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara 1954, na tawi likafika Masasi 1958. Karanga zikagoma. Mpango ukaachwa 1951 baada ya kula kama pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Reli ikabaki inapumua bila mzigo wa kutosha, na 1962, Tanganyika ina uhuru wa miezi tu, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mjomba alikuwa mtoto wa kama miaka minane. Anakumbuka kutembea juu ya tuta wakienda kisimani, na wakubwa wakisema hapa palikuwa panapita moshi.

"Kwa hiyo usinidhanie naona wivu," akasema. "Reli ya kodi ya watu naijua. Nimesimuliwa ilivyokuja na nimeiona ikiondoka. Iliondoka kwa sababu haikuwa na cha kubeba."

Kijana akafunga kishikwambi.

Basi na mimi, mama wa hesabu za dukani, nikachukua kalamu nikakokotoa nyuma ya tiketi. Mkataba wa Dar–Morogoro ni takriban dola bilioni 1.2, kwa kilomita 300 za reli ukihesabu na njia za kupishania. Tuseme dola ni shilingi 2,600 ili hesabu iwe nyepesi: trilioni 3.12. Nauli ya Morogoro ni 13,000. Gawanya. Zinatoka tiketi milioni 240. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Maana yake kila Mtanzania, pamoja na vichanga na wagonjwa mahututi, aende Morogoro karibu mara nne, na hapo hujalipa umeme, hujalipa dereva, hujadeki choo nilichokisifia. Kwa nauli za abiria reli hii hailipiki, leo wala wajukuu wetu wakizeeka. Humu ndani sisi abiria ni wasindikizaji. Bwana harusi ni kontena la kwenda Kongo, Burundi, Rwanda na Uganda.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mlipa kodi agharamie reli, nasema ndiyo, agharamie kujenga, na sioni aibu kuwa na ule mstari wa RDL kwenye karatasi yangu. Barabara ya Morogoro imejengwa na kutengenezwa kwa kodi miaka nenda rudi, malori yanaichimba, tunaifukia, na hakuna aliyewahi kuiuliza faida yake iko wapi. Reli ikileta kichwa tu kila mtu anakuwa mhasibu. Hata Wakenya wanakatwa tozo yao ya reli tangu 2013, Mombasa–Nairobi ikaanza kubeba watu 2017. Lakini kuendesha ni habari nyingine. Kila treni inapoondoka ile nauli na ule mzigo vilipe umeme na mishahara ya siku hiyo. Nikianza kukatwa asilimia ya pili ya kuziba pengo la uendeshaji, hapo nitaandika maoni mengine, na hayatakuwa na korosho.

Nauli yenyewe sidhani kama ni ya bure wala ya kuonea. LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, waliipanga shilingi 69.51 kwa kilomita. Basi la kawaida kwa viwango vya mwishoni mwa 2023 ni 48.47, la daraja la kati 67.84. Maana yake unalipa kama basi zuri na unafika kabla basi halijaona Gairo. Kwa mtu wa basi la kawaida, mwenye watoto wawili na kuku, tofauti ile inauma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu, hiyo inapunguza.

Kuna watu ambao hawako kwenye mdahalo huu na wangepaswa kuwemo: wale wa Dumila. Miaka yote nikienda Dodoma kwa basi, gari likisimama tu, madirisha yanajaa nyanya, vitunguu, mapapai, mtu anakukimbilia na chenji yako gari likiwa limeshaanza kuondoka. Treni inapita Kilosa, haipiti Dumila, na ingepita isingefungua dirisha. Nimefika Dodoma bila nyanya hata moja kwa mara ya kwanza maishani. Wao pia wananunua simu, wao pia wamelipa asilimia 1.5.

Baada ya Kilosa njia ndipo inapoonyesha hela ilikokwenda. Mahandaki manne. La kwanza Mjomba alishtuka akanishika mkono. La tatu alikuwa anahesabu sekunde kwa vidole. Chini kwenye bonde unaiona reli ya zamani ya Mjerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, inajinyonganyonga na Mto Mkondoa, na ndiyo maana mafuriko ya Kidete na Gulwe yamekuwa yakiibeba kila baada ya masika mabaya. Hii mpya imepanda juu kwenye madaraja na tuta nene. Mjomba, mtu wa matuta, aliliangalia lile tuta kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu kingine chochote safari nzima. "Hili haling'oki kwa koleo," akasema. Nikajua hiyo ndiyo sifa ya juu nitakayoipata.

Mahali fulani kabla ya Igandu aliuliza Kongwa iko wapi. Nikamwonyesha kaskazini, nyuma ya vilima. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepita karibu na makaburi ya ndugu. Kongwa nayo ilikuwa na tawi lake la reli enzi za karanga.

Tumefika Dodoma kwa masaa matatu na nusu hivi. Basi lingetuchukua nane au tisa, na ningeshuka na kiuno cha mtu mwingine. Sasa, stesheni iko nje ya katikati ya mji, kwa hiyo dakika ulizookoa njiani unaanza kuzigawa mlangoni: wa bajaji alianza na elfu kumi na tano, tukamalizana kwa elfu nane, na bado alilalamika kiroba. Morogoro ni hivyohivyo, stesheni iko Kihonda, mjini ni safari nyingine. Walipa kodi tukishajenga tuta la namna ile, basi dogo la kukupeleka stendi lisingetushinda.

Safari hii naipa nyota nne. Ya tano nimewaachia wa Dumila.

Mahafali yalikwenda vizuri, binti kavaa joho, Mjomba kalia kidogo, akasema ni vumbi. Kurudi tulipanda treni tena, yeye ndiye aliyesema, na safari hii aliomba dirishani. Dar nikampeleka Mbagala alfajiri kwenye basi la kusini. Akanipigia usiku: kafika, masaa kumi na kitu, mgongo umekufa. Majirani walikuwa wamejaa uani wanataka habari za treni na alikuwa ameshawaeleza mahandaki, yote manne.

Kisha akashusha sauti. Akaniomba nimtumie picha ya karatasi yangu ya forodha, ule upande wenye mstari wa RDL, niuzungushie kalamu nyekundu. Jumamosi kuna mkutano wa AMCOS, ushirika wao wa wakulima.